Mgonjwa wa Saa Kumi

Tulimwita Pasi, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Ukimwona tu umejua. Shati lake lilikuwa na mistari miwili mgongoni iliyonyooka utadhani imepigwa rula, na suruali yake ilikuwa na makali ya kukatia mkate. Hata siku za joto kali, watu wote tumelowa jasho, yeye alikaa wima kwenye ncha ya kiti ili asijikunje. Kiumbe wa namna hiyo anachosha, na mimi nilimwambia hivyo usoni pake zaidi ya mara moja.

Kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa. Kule hawatumii pasi ya mkono. Kuna mashine yenye rola mbili za moto. Shuka linaingia bichi upande huu, linatoka kavu upande wa pili, na watu wawili wanalidaka kwenye pembe na kulikunja mara nne kabla halijapoa. Likishapoa limekataa. Alifanya kazi hiyo miaka tisa na mikono yake ilikuwa haina vinyweleo hata kimoja, vyote viliungua zamani.

"Dada Msusi," aliniambia siku moja, "kuna mtu shuka langu litakuwa kitu cha mwisho kumgusa. Haliwezi kuwa na makunyanzi."

"Mtu anayekata roho hana habari na makunyanzi," nikamjibu.

Alininunia mpaka kesho yake.

Mimi ni msusi, kama alivyoniita. Nina saluni ya chumba kimoja, na nyuma yake chumba kingine ninacholala. Kwa miaka mingi, kila Jumapili mchana nilifunga mlango wa mbele, nikafungua wa nyuma, wakaingia watu wetu. Sitazunguka. Walikuwa wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, mimi nikiwa mmoja wao, na wengine waliozaliwa wakaambiwa ni hivi, wakakua wakijua ni vile. Tulijiita watu wa Jumapili. Siku nyingine zote kila mtu alikuwa karani, mlinzi, mpishi, mke wa mtu, na alikaa kwa adabu zake. Jumapili alivua viatu. Tulikula, tulicheza karata, tulisengenya, tulikunywa kidogo, na wengine si kidogo. Chupa ilikuwepo kati yetu kabla ya ugonjwa wowote, nisije nikasingizia. Unapoishi wiki nzima umejibana kama umevaa kiatu cha mtu mwingine, unatafuta pa kujilegeza. Lakini chupa ile ilikuwa na mashahidi. Mtu akizidisha, mwenzake alimnyang'anya glasi, akampa vidonge vyake vya hospitali asije akavisahau, akamlaza kwenye kiti changu cha kuoshea nywele mpaka apate akili.

Pasi hakuwa mnywaji. Ulevi wake ulikuwa mama yake. Akishaanza kumzungumzia hamwezi kumzima. Alimwiga sauti, namna anavyomwita mtu kutoka uani, namna anavyocheka kwa kuziba mdomo na upande wa khanga. Alikuwa hajamsikia kwa miaka kumi na moja. Baba mtu aligundua kwamba yule rafiki wa Pasi, mwalimu wa shule ya jirani, hakuwa rafiki tu, akamfukuza asubuhi hiyohiyo na kuamuru jina lake lisitajwe tena ndani ya nyumba ile. Mama mtu akatii. Mimi ningemlaumu yule mama, na nilimlaumu sana, lakini Pasi hakuruhusu. Namba ya nyumbani aliijua kwa kichwa. Mara kwa mara nilimwona ameshika simu, anabonyeza tarakimu moja moja, akifika ya mwisho anafuta zote.

"Si umalizie tu, ujue moja!" nilimfokea siku moja.

"Akipokea baba?"

"Kata."

"Akipokea mama, akanikatia yeye?"

Nikamnyang'anya simu, nikampa karata agawe.

Korona ikaja, ikafunga milango. Gari la matangazo lilipita mtaani na kipaza sauti: kaeni nyumbani, kaeni na familia zenu. Lilipita asubuhi, likapita mchana, na kila lilipopita nilitamani kulirushia kopo. Familia ipi? Yangu ilikuwa imetawanyika kwenye vyumba kumi na viwili vya kupanga, kila mtu na kuta zake nne na chupa yake isiyo na shahidi. Wengine walizuiliwa ndani na wake na wajomba ambao mbele yao hawakuweza hata kuzungumza na sisi kwenye simu. Mpishi wetu alianza kunywa toka asubuhi. Karani alipata vidonge vya usingizi, akawa anatuma ujumbe usiosomeka. Mimi, maana sipendi kuwasema wengine nikajiacha, nilikuwa na pombe kali chini ya sinki. Saluni imefungwa, vioo vimefunikwa, mikono haina kazi. Nilianza kumimina nikimaliza chakula cha mchana, halafu nikawa simalizi chakula.

Pasi hakufungiwa. Mfanyakazi wa hospitali alipewa kibali cha kutembea, na mashuka yalikuwa yameongezeka mara tatu. Yale ya wodi za korona yalikuja kwenye mifuko myekundu, na yalilowekwa kwenye klorini kwanza kabla hajayagusa mtu. Chumba kizima kilijaa mvuke wa klorini. Macho yalimwasha, koo likamkauka, na baada ya wiki mbili akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu cha mvuke, si kingine. Hospitali walimpima, hana kitu. Wakampa barakoa mbili badala ya moja, wakamwambia ajikaze. Akajikaza kisabuni.

Chupa ya kwanza nilimpa mimi. Nataka hilo lijulikane. Alipita mlango wa nyuma akitoka kazini, kifua kinamkwaruza, na mimi nikakumbuka nina dawa ya kikohozi kabatini, ile nzito yenye kodini inayoleta usingizi, ambayo daktari hukuandikia kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Nikaiweka juu ya kigoda, nikarudi nyuma hatua mbili kama tulivyofundishwa, akaichukua. Nilijiona nimefanya jambo la maana.

Kesho yake akanipigia. Simu yake ilishaangukia kwenye ndoo ya maji ya sabuni kazini, kwa hiyo haikusikika sikioni, ilifanya kazi kwa spika tu. Ukizungumza na Pasi unazungumza na mtaa.

"Dada, nimelala," alisema. "Nimelala usingizi wa kitoto. Nimeota niko nyumbani, mama ananisugua mgongo."

"Alhamdulillahi, na kikohozi?"

"Kikohozi kipo," akasema, tena kwa furaha.

Ningekuwa na akili timamu ningeshtuka palepale. Mtu anayefurahia kikohozi hatafuti kupona. Lakini mimi nilikuwa na yangu chini ya sinki, na mlevi hana haraka ya kumkagua mwenzake.

Ile dawa ilimrudisha nyumbani. Ndivyo alivyonieleza baadaye, na sina sababu ya kutomwamini. Vijiko viwili vilimpa mama kwa mbali, anamwona kwa mgongo tu, anachota maji. Nusu chupa ilimpa mama anayegeuka. Chupa nzima akaongea naye. Akawa anatoka kazini, anapita duka la dawa, leo hili, kesho lile. Wauzaji hawakumuuliza cheti, maana mteja akianza kukohoa dukani siku zile kila mtu alitaka atoke upesi. Saa kumi na moja jioni alikuwa amelala. Nikimpigia anapokea kwa sauti ya mtu aliye chini ya mablanketi kumi. Nilisema moyoni, uchovu wa kazi. Nilijitia hamnazo, kwa ufupi.

Siku moja nikamwona kwa dirisha anapita kwenda kazini. Shati lina makunyanzi mgongo mzima. Nilitaka kutoka nimfuate, nikatazama mkono wangu, ulikuwa na glasi, na ilikuwa saa mbili asubuhi.

Aliyemfichua alikuwa mwenye nyumba wake, mama mmoja anayekagua taka za wapangaji kuliko anavyokagua paa. Alikuta mfuko wa Pasi una chupa kumi na nne za dawa ya kikohozi. Akaunganisha: anafanya kazi hospitali, anakohoa, anajificha ndani tangu jioni, chupa kumi na nne. Kwake hesabu ilikuwa imekamilika. Akamwaga dawa ya choo kwenye kitasa cha mlango wa Pasi, akawapigia watu wa afya. Halafu akafungua daftari la wapangaji. Pale penye ndugu wa karibu, Pasi alipokuwa anahamia aliulizwa namba, na hakuwa na namba nyingine ya ndugu kichwani, akaandika ya nyumbani. Mwenye nyumba akapiga na kuwaambia waliopokea kwamba mtoto wao ana korona, yuko hali mbaya, na chumba chake kitahitaji kupakwa rangi.

Watu wa afya walikuja saa nne asubuhi na manguo yao meupe, wapangaji wote madirishani. Wakasimama mlangoni mwa Pasi.

"Unakohoa tangu lini?"

"Mwezi na nusu."

"Na hizi chupa ni zako?"

Alikuwa na majibu mawili. Aseme anaumwa, watu wamwogope kwa wiki mbili. Au aseme ni mlevi wa dawa, wamdharau mpaka mwisho wa maisha yake, na kazini amwage unga. Hakuchagua, alivaa viatu tu. Wakampandisha garini.

Karantini ilikuwa shule ya msingi. Madawati yametolewa, vitanda kumi kwa kila darasa, jedwali la kuzidisha bado liko ukutani. Siku ya kwanza, saa kumi jioni, simu yake ikaita. Aliitazama namba ile aliyokuwa akiifuta miaka yote. Jirani wa kitanda, mzee mmoja fundi saa, alinisimulia baadaye kwamba alidhani kijana anazimia.

"Hallo?"

"Baba," ikasema sauti ya mwanamke, darasa zima likasikia.

Alitaka kuongea, ikamtoka salamu tu, ile ya kila asubuhi ya utoto wake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Wakalia wote wawili, na fundi saa akageukia ukutani akajifanya anasoma jedwali la saba. Mama akajitahidi akamweleza. Simu ni ya baba yako. Yuko hapa sebuleni. Amesema, kwa kuwa unaumwa, nikupigie kila siku mpaka upone.

"Mpaka nipone," akarudia Pasi.

"Ndiyo, baba. Ndivyo alivyosema."

Toka siku hiyo kila saa kumi alipiga. Dakika tano, hazikuzidi. Alimpa habari kwa haraka haraka kama anayepakia gari linaloondoka: bati tumebadilisha, dada yako ana mtoto wa tatu, ana masikio yako, ule mti wa uani tuliukata. Darasa likawa linanyamaza ikifika saa kumi. Wagonjwa walimsalimu mama yule kwa mbali, akawa anawaulizia hali mmoja mmoja. Mwanafunzi wa kitanda cha mlangoni alimwita bibi.

Na Pasi aliumwa kweli, ila si ule ugonjwa. Siku ya pili miayo haikukoma, kamasi zikamtiririka. Siku ya tatu jasho, tumbo likaharisha, mifupa ikamuuma mpaka akawa analala chini sakafuni kwa sababu godoro lilimchoma. Wenzake wakajua ndiyo korona imefika kileleni. Wakasogeza vitanda. Mama akisikia sauti ile ya kutetemeka akasema, "Jikaze, nakuombea," na Pasi aliniambia baadaye kwamba hizo ndizo siku alizoumia kuliko zote maishani na ndizo siku alizofurahi.

Siku ya tano nesi wa darasa lao, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa askari, alimwita barazani.

"Kaka, majibu yako yametoka. Huna korona. Mapafu yako mazima kuliko yangu. Kinachokutetemesha mimi na wewe tunakijua."

"Usimwambie mama yangu."

"Mama yako namjulia wapi?"

"Kila mtu humu anamjua," alisema Pasi, na nesi akacheka bila kutaka.

Akamwambia sheria ni wiki mbili kwa aliyekwishaingia, atakaa zote, na afadhali akae, maana akizitumia vizuri mwili utasafika. Kisha akaacha kucheka. Akamwambia ameona wawili mwaka ule walioacha dawa hizo wakapumzika, halafu wakarudia kwa kipimo kilekile cha zamani. Hawakuamka.

Nilikwenda kumwona siku ya saba. Tuliongea yeye ndani ya uzio, mimi nje. Alikuwa amekonda, macho meupe kabisa, akili imerudi yote. Akanieleza kila kitu, toka ndoto mpaka majibu.

"Basi mwambie ukweli mama yako," nikasema.

"Ng'o."

"Unamdanganya mwanamke mzima kila siku saa kumi?"

"Dada Msusi, hujanielewa. Baba kasema mpaka nipone. Siku nitakayopona ananirudisha kaburini. Kwao mimi nilishakufa, nimefufuliwa na kikohozi."

"Kwa hiyo ukitoka utafanyaje? Utaendelea kuumwa?"

Alitazama viatu vyake, na mimi nikaelewa kwamba ameshalifikiria hilo, tena kwa kirefu. Kwamba chupa mbili kwa siku zingempa sauti ya mgonjwa ya kutosha kwenye simu. Nilitukana. Nilitukana matusi ambayo sikuyatumia tangu mume niliyeozwa aniache. Watu wa upande wa pili wa uzio waligeuka. Nikamwambia sitamzika kwa sababu ya dakika tano za simu.

"Wewe una mama," akasema taratibu. "Amekufa, lakini alikufa anakuita jina lako."

Nilirudi nyumbani nikamwaga yangu yote sinkini. Nisijisifu, siku tatu baadaye nilikuwa na chupa nyingine. Lakini imekaa na kizibo chake, mpaka leo hii sijaifungua, na simwambii mtu iko wapi.

Siku ya kumi na moja, mama yake alichelewa kupiga. Alipopiga, sauti ilikuwa nyembamba.

"Una nini, mama?"

"Sina kitu. Kizunguzungu tu. Nimefunga."

"Umefunga nini?"

"Swaumu, baba, kwa ajili yako. Toka siku ya pili. Nimeahidi sitakula mchana mpaka upone."

Pasi alijua tumbo la mama yake. Toka Pasi yuko mdogo lilikuwa na vidonda, akikosa kula asubuhi alikunjika kwa maumivu. Akamsihi aache. Mama akakataa. Simu ikaisha. Fundi saa alisema Pasi alikaa amepakata ile simu mpaka kukawa giza, na alipoletewa chakula alikirudisha.

Siku ya kumi na nne nikaenda kumchukua. Waliotoka walipewa cheti asubuhi, darasa likabaki tupu, nesi akaanza kukunja magodoro. Pasi hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, cheti kimekunjwa mfukoni, simu juu ya goti.

"Twende," nikasema. "Mwenye nyumba amekubali urudi, nimemtisha."

"Saa kumi."

"Sasa ni saa saba!"

"Basi kaa."

Nikakaa. Nilinung'unika, lakini nilikaa. Alisema atamwambia. Hawezi kumwachia mama yake vidonda vipasuke kwa ajili ya ugonjwa usiokuwepo. Alisema na mengine, kwamba anataka kuisikia sauti ile kwa makini leo, aihifadhi, kwa sababu safari hii ataachwa akiwa macho, bila kitu cha kunywa. Alisema hilo bila kujihurumia. Mimi ndiye niliyekuwa najifuta pua na barakoa.

Saa kumi kasoro dakika mbili, ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kifua kikoje?"

"Mama, acha kufunga."

"Nitaacha ukipona."

"Nisikilize. Siumwi."

"Umepona!" Sauti ilipanda, halafu ikashuka katikati ya neno, nadhani alikumbuka maana yake.

"Sikuwahi kuumwa ugonjwa ule. Nilikuwa nakunywa dawa ya kikohozi, chupa mbili, chupa tatu kwa siku, kama mlevi anavyokunywa pombe. Mwenye nyumba aliona chupa akadhani ni korona. Majibu yalitoka siku ya tano, nikakuficha. Nilitaka uendelee kupiga, mama. Ni hilo tu."

Kwa mbali ilisikika redio, mtu anasoma taarifa. Nesi alikuwa amesimama na godoro mikononi, hajui alipeleke wapi.

"Bado unakunywa?" mama akauliza.

"Leo siku ya kumi na nne sijagusa."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Akashusha pumzi ndefu. Ndipo ikaja sauti nyingine kutoka ndani ya nyumba ile, ya mwanamume, nzito, ambayo mimi sikuwahi kuisikia na Pasi hakuisikia kwa miaka kumi na moja.

"Anasemaje? Kapona?"

Pasi aliganda. Nikaushika kwa chini mkono wake wenye simu, nikasahau hatua mbili na barakoa na kila kitu. Tulisikia kandambili za mama zinaburuzwa, mlango unavutwa, redio ikafifia. Kisha sauti yake ikaja karibu sana, kwa kunong'ona.

"Kohoa."

"Nini, mama?"

"Nampelekea simu asikie. Kohoa, mwanangu."

Pasi akanitazama, akafumba macho, akakohoa. Cha kwanza kilitoka chembamba, cha aibu. Mlango ukavutwa tena kule, redio ikarudi, simu sasa iko mbele ya baba mtu. Pasi akainama akakohoa kwa kifua chote, mara ya pili, mara ya tatu, machozi yanamdondokea magotini.

"Unamsikia mwenyewe," tukasikia mama anasema kwa sauti kubwa. "Bado sana."

Redio ikazimwa. Tukasikia yule mzee anasogeza kiti.

"Basi mpigie na kesho," akasema.

Simu ikakatika, na Pasi akaendelea kukohoa.